Kanchiri Iliyorudi Mara Mbili

Kanchiri ilirudi mara ya pili siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Nahodha Hamidi aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, imefungwa ndani ya leso ya zambarau, akaikabidhi huku akitazama pembeni. Alijua kilichomo. Nguo ya ndani ya mwanamke, mwanamume mwenye adabu huibeba kwa ncha za vidole na huitua upesi.

"Wamesemaje?" Mwanabibi aliuliza.

"Wamesema salamu."

"Salamu tu?"

"Salamu nyingi, Bi Mwanabibi. Na kwamba haimtoshi."

Mwanabibi aliipokea ile leso, lakini hakuifungua. Aliinua kifuniko cha sanduku lake, akaitupa ndani na kukifunga. Hamidi aliusikia mlio wa kifuniko hata kabla hajamaliza kuaga.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Wazungu kwisha. Kwa miaka ishirini na miwili Mwanabibi alikuwa akiwashonea kanchiri wanawake wa kisiwa cha Chula, na baadhi ya wanawake wa Chovae, kisiwa jirani, walivuka kumfuata. Alizishona kwa bafta, kitambaa cheupe cha pamba: vipande viwili vya mbele vya kushika matiti, mkanda mpana wa chini yake, mikanda miwili myembamba ya mabegani, na vifungo. Katika miaka yote hiyo hakuna mwanamke aliyemrudishia nguo. Aliyemrudishia alikuwa mwanawe mwenyewe, Mwanatumu, aliyeolewa Kismayu.

Nyuma ya mlango wa chumba chake palikuwa na vigingi, na juu ya vigingi zilining'inia nyuzi thelathini na nane. Kila uzi ulikuwa mwanamke mmoja. Fundo la kwanza lilikuwa duara la chini ya matiti, la pili duara la pale yanapojaa, na la tatu urefu kutoka begani mpaka kwenye mkanda. Uzi wa Mwanatumu ulifungwa kauri ndogo nyeupe. Mwanabibi aliupima juma la harusi, miaka mitatu nyuma, wakati bintiye alipokuwa na miaka kumi na sita.

Kwa uzi huo alishona kanchiri iliyorudi mara ya kwanza, katika mwezi wa Mfungo Saba. Kwa uzi huohuo alishona ya pili, akaipeleka kwa mkono wa Hamidi pamoja na ujumbe: "Mwambie kipimo changu hakijakosea tangu nianze kushika sindano. Akae wima, apunguze samli."

Sasa na hiyo ilikuwa imerudi.

"Ifungue uone ina nini," alisema mumewe jioni ile. Famau alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini, mtu wa maneno machache. Alikuwa amepiga magoti chumba cha ndani, akikaza kamba za kitanda.

"Ina nini? Ina bafta yangu na mshono wangu. Wanataka nijue kwamba Kismayu wana fundi mwenye cherehani."

"Huenda kweli haimtoshi."

"Wewe ukipima ubao kwa kamba yako, kisha ubao ukarefuka, utailaumu kamba?"

"Ubao haurefuki."

"Umeona!"

"Ubao umekwisha kukatwa, mke wangu," alisema Famau, akiivuta kamba kwa meno. "Mwanatumu hajakatwa."

Mwanabibi alikuwa akikitazama kile kitanda. Famau alikiunda mwezi ule Mwanatumu alipoolewa, na hakuna aliyepata kukilalia. Mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama yake, na kitanda kilikuwa cha siku hiyo. Kila mwaka kamba zake zililegea kwa unyevu wa bahari, na kila mwaka Famau alizikaza upya. Kila chombo kilipotoka Kismayu, Mwanabibi alijiwekea shughuli karibu na mlango. Alikuwa akingoja aambiwe kwamba wakati umefika wa kwenda kumchukua mwanawe. Miaka mitatu aliletewa salamu. Sasa alikuwa akiletewa nguo zake mwenyewe.

Leso ya zambarau ilikaa sandukuni siku ishirini.

* * *

Aliyefanya itolewe alikuwa Mwanapili, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene aliyecheka kabla ya kumaliza maneno yake. Alikuja asubuhi kupimwa.

"Shusha pumzi," Mwanabibi alimwambia. "Siyo kuibana. Ishushe."

"Nikiishusha yote kutabaki nini?"

"Kutabaki kipimo. Simama wima."

Mwanabibi alizungusha uzi chini ya matiti ya jirani yake, akaupitisha mgongoni, akaangalia usipande wala usishuke. Alifunga fundo. Kisha akatoa uzi wa zamani kigingini, akaulaza kando ya ule mpya.

"Yamesogea tena?" aliuliza Mwanapili.

"Vidole viwili."

"Alhamdulillahi. Bado ninakua." Alicheka mpaka uzi ukamteleza. Halafu macho yake yakaangukia ile kauri. "Na huo wa Mwanatumu, umeubadili mara ngapi?"

"Wa Mwanatumu hauna haja ya kubadilishwa."

"Hauna haja kwa nini?"

"Nilimpima kwa mikono yangu."

"Na mimi ulinipima kwa miguu? Mimi mtu mzima, mama wa watoto sita, unanibadilishia uzi kila mwaka. Yeye uliyempima hajamaliza hata kuota meno ya mwisho, wataka abaki vilevile? Hebu nionyeshe hiyo nguo."

"Iko sandukuni."

"Najua iko sandukuni. Kisiwa kizima kinajua iko sandukuni. Itoe."

Mwanabibi aliitoa, kwa vile kukataa kungehitaji maelezo. Alifungua leso na kuikunjua kanchiri juu ya goti. Macho ya fundi yaliona kabla moyo haujaruhusu. Mishono ya ubavuni haikuwa yake. Mtu alikuwa ameifumua na kuitanua vidole viwili, kisha akaifumua tena na kuitanua mpaka kwenye ukingo wa kitambaa, pasipobaki pa kwenda. Sindano ya mtu huyo ililala kushoto. Mwanatumu alishona hivyo tangu utotoni, na Mwanabibi alimpiga vidole vyake kwa hilo asipate kumbadilisha. Tundu la kifungo cha juu lilikuwa limechanika. Mikanda ya mabegani ilikuwa imevutika mpaka ikawa kama kamba.

"Ameivaa," alisema polepole. "Ameivaa mpaka imemshinda."

Mwanapili alikuwa ameinyakua na kuipeleka dirishani. Hakuwa akicheka tena. Mbele, katikati ya kila kipande, palikuwa na duara dogo la rangi ya manjano, gumu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Alilikwaruza, akalinusa.

"Hili si jasho."

"Ni nini?"

"Mwanabibi, wewe umezaa. Unaniuliza mimi?"

Mwanabibi aliichukua nguo, akaisogeza puani. Ilikuwa dang'a, yale maziwa ya mwanzo yanayotangulia mtoto.

Alikaa chini. Kisha akaikumbuka ile ya kwanza. Aliitafuta chini ya sanduku na kuitandaza, lakini ilikuwa nyeupe, safi, imepigwa pasi. Aliifua mwenyewe kwa hasira siku ileile iliporudi, bila kuitazama. Iwapo Mwanatumu alikuwa ameandika jambo lolote katika nguo hiyo, mamake alilisugua kwa sabuni.

"Hakuniambia," alisema.

"Akuambie kwa nani? Kwa Hamidi? Hakuna mwanamke aliyeshuka hapa kutoka Kismayu mwaka huu. Angemtuma mwanamume apige kelele pwani kwamba tumbo la Mwanatumu limejaa? Amekuambia kwa kilichokuwepo." Mwanapili alianza kuhesabu kwa vidole. "Ya kwanza ilirudi Mfungo Saba, na kifua hakimshindi mwanamke kabla ya mwezi wa nne wa mimba. Nane. Tisa. Leo tuko Rajabu."

"Basi mimba ni ya mwezi wa saba," alisema Mwanabibi.

"Ama unaingia, ama umekwisha kuingia."

Wote wawili walijua maana yake. Mwanamke wa mimba ya kwanza hapandishwi chomboni mwezi wa saba ukishaingia. Mwanabibi alikuwa tayari ameinuka, akitafuta buibui lake kwenye kamba, akaliangusha, akaliokota.

"Famau!" aliita akiwa uani. "Famau! Acha hilo shoka. Nitafutie chombo."

* * *

Huko Kismayu Bi Kulthumu, mama wa Nasrudin, mume wa Mwanatumu, alimpokea kwa heshima zote zinazostahili, na hakuna iliyozidi. Alimtandikia mkeka mpya, yeye mwenyewe akabaki kitini. Wanawake wanne wa mtaa walikuwa wamekaa pale wakinywa kahawa, na hawakuondoka. Mwanabibi alijua kwamba pindo la buibui lake lilikuwa limelowa maji ya chumvi, na kwamba kikapu chake cha samli na samaki mkavu kilikuwa kikinuka katika nyumba ya watu waliofukiza udi.

"Karibu, mkwe wangu. Umepotea."

Alikuwa amepanga salamu ndefu njia nzima. "Nimekuja kumchukua mwanangu akajifungue kwao," alisema.

Bi Kulthumu aliweka kikombe chini. Alimgeukia mwanamke mkonde aliyekaa karibu na nguzo. "Bi Zakia, umesikia?"

Bi Zakia alikuwa mkunga. "Nimesikia," alijibu. "Mwezi wa saba umeingia siku tisa zilizopita. Simpandishi chomboni. Samahani, mama. Ungekuwa wewe mkunga, ungempandisha?"

Mwanabibi asingempandisha.

"Siku tisa," alisema.

"Sisi tumekungoja miezi mitatu," alisema Bi Kulthumu. "Nimekurudishia kanchiri mara mbili. Ulitaka nipige siwa mji mzima usikie?"

"Hamkutuma neno."

"Nimtume Hamidi na maneno ya uzazi? Mimi nina haya, mkwe wangu."

"Mngemleta."

"Nimlete mimi? Mke akipelekwa kwao na mama wa mumewe, watu wa Chula wangesemaje? Wangesema ameachwa. Huchukuliwa na mama yake, ndivyo ilivyo kwenu na ndivyo ilivyo kwetu. Tukangoja. Tukasema, labda hawana chombo. Tukasema, labda baba yake mgonjwa. Halafu likaja jibu." Bi Kulthumu alielekeza mkono mlangoni. "Hamidi alilisema hapo mlangoni, kwa sauti, wanaume wakipita. Akae wima, apunguze samli."

Mmoja wa wanawake wale alicheka puani, kisha akajifanya anakohoa. Mwanabibi alikitazama kikombe chake. Kahawa ilikuwa imeshapoa, na hakujua aifanyie nini mikono yake.

"Nilidhani ninyi mnaudharau mkono wangu," alisema hatimaye.

"Na sisi tulidhani ninyi hammtaki mtoto wenu," alijibu Bi Kulthumu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua ukali. "Nenda. Yuko chumba cha mwisho. Siku hizi hata sebuleni haji."

* * *

Mwanatumu hakukimbia kumlaki. Aliinuka kwa kushika nguzo ya kitanda, akaubusu mkono wa mama yake kama inavyopasa, akakaa tena. Tumbo lilikuwa la juu na la mviringo. Uso wake ulikuwa wa mwanamke ambaye Mwanabibi hakupata kumwona.

"Nilidhani huji tena, mama."

"Sikujua."

"Wewe? Wewe unayemjua mwenye mimba kwa namna anavyovua leso yake?"

"Ningekuona ningejua."

"Ndiyo nikakutumia kifua changu," alisema Mwanatumu. "Nilisema, mama atautazama mshono. Mama hawezi kuishika nguo asiutazame mshono. Ya pili nikaifumua mara mbili, makusudi, ili uone mkono wangu. Hata kuifua sikuifua."

Mwanabibi angeweza kusema uongo. Chombo kilichelewa, Hamidi aliisahau, panya walifanya hivi na hivi. "Sikuifungua," alisema. "Iliniudhi. Niliitia sandukuni."

"Siku ngapi?"

"Ishirini."

Mwanatumu alitazama dirishani. Ishirini ukitoa tisa hubaki kumi na moja, siku ambazo bado angeruhusiwa kupanda chombo. Wote wawili waliifanya hesabu hiyo kimoyomoyo.

Baada ya muda Mwanabibi aliona binti yake akijikuna bega kwa siri, mkono ukiwa chini ya leso. "Umevaa nini ndani?"

"Ya fundi wa cherehani. Mama mkwe alininunulia."

"Ivue."

Mikanda ilikuwa imemchimba mabega mifereji miwili myekundu. Nyuma, mkanda wa chini ulikuwa umepanda karibu na mabawa ya mgongo. Mwanabibi hakuhitaji kuuliza. Fundi mwanamume hawezi kumpima mwanamke. Alikuwa amekadiria kwa maneno, akiambiwa "mnene kidogo" au "mwembamba kidogo", na kufunga mahesabu yake hapo.

"Uzito haubebwi na mabega," alisema, sauti yake ikiwa imepata mahali pa kukanyaga. "Hubebwa na mkanda wa chini. Huu umelegea, ndiyo maana mabega yanafanya kazi isiyo yao. Simama."

Alitoa kifuani mwake uzi wenye kauri. Aliuzungusha pale yalipojaa, na ncha zake hazikukutana. Pengo lilikuwa vidole vinne. Aliuvuta kidogo, bila kukusudia.

"Hautafika, mama," alisema Mwanatumu kwa upole.

"Najua."

Mwanabibi alikata uzi mpya. Mikono yake ilipita chini ya matiti ya bintiye, ikazunguka mgongo, na ikashangaa. Ule ubavu alioujua, uliotokeza kidogo upande wa kushoto, haukuonekana tena. Ngozi ilikuwa na joto ambalo hakulikumbuka. Miaka mitatu alikuwa akishona kwa ajili ya msichana aliyening'inia kigingini, na wakati wote huo huyu hapa alikuwa akikua bila yeye.

"Shusha pumzi," alisema.

Mwanatumu aliishusha. Ilimtoka ndefu, ikaanza kutetemeka mwishoni, na mamake aliendelea kuushika uzi palepale mpaka ilipotulia. Ndipo akafunga fundo.

* * *

Alishona siku mbili, ameketi karibu na dirisha la chumba kile. Alipomvika mara ya kwanza, kanchiri ilipwaya pande zote.

"Umenishonea ya Mwanapili," alisema Mwanatumu.

Mwanabibi alijaribu kukasirika, akashindwa. Walicheka wote wawili mpaka Mwanatumu akashika tumbo na kuomba wanyamaze. Mwanabibi aliitazama kazi yake. Alikuwa ameikata kwa majuto, sio kwa uzi. Aliifumua yote.

Mara ya pili ilibana kwapani, akaipunguza kwa mkasi. Mara ya tatu alimwambia bintiye ainue mikono juu, kisha ainame kama anayeokota kitu, kisha akae na kuinuka. Mkanda haukupanda. Aliingiza vidole viwili kati ya mkanda na ngozi. Viliingia, na cha tatu kilikataa. Ubavuni, badala ya vifungo, alitia kanda za kufunga, na kwa ndani aliacha kitambaa kimekunjwa mara nne kila upande.

"Kila ukihisi inakubana, fumua kunjo moja. Usingoje ichanike. Mbele hapa patafunguka ukinyonyesha."

Mwanatumu alivuta pumzi mpaka ndani kabisa. Alifumba macho. "Siisikii," alisema. "Mama, ni kama sikuvaa kitu."

Hakuna sifa aliyopata kupewa Mwanabibi iliyomfika kama hiyo.

Bi Kulthumu alikuwa amesimama mlangoni, na haikujulikana tangu lini. Alimtazama mkamwana wake akiinua na kushusha mikono. Mkono wake mwenyewe ulipanda ukagusa bega, juu ya leso.

"Miaka minane nimevaa za yule fundi," alisema, akiitazama sakafu.

"Funga mlango uvue, mkwe wangu," alisema Mwanabibi.

Alimpima kama alivyompima mwanamke yeyote wa Chula. Aliiona mifereji ya mabega, ya zamani na myeusi, asiseme neno. Uzi ulipokuwa bado umemzunguka Bi Kulthumu, akauliza, nyuma ya mgongo wake, maana usoni asingeweza: "Niruhusu nikae mpaka ajifungue."

"Nyumba ina ua mmoja," Bi Kulthumu alisema. "Siku hizi tatu mwanangu anakula msikitini na kulala dukani, ili asipite mbele ya mama wa mkewe akiwa na taulo. Siku tatu huitwa heshima. Miezi miwili, watu watasema amefukuzwa kwake. Ningekuwa na ua wa pili, wallahi, nisingekuacha uondoke."

"Nimefahamu," alisema Mwanabibi, na akafunga fundo.

Asubuhi ya kuondoka, Mwanatumu alimsindikiza mpaka mlango wa ndani, kwa kuwa haikuwa desturi ya wanawake wa nyumba ile kutoka nje mchana.

"Kila chombo kinapokuja Chula, nitumie uzi," Mwanabibi alimwambia. "Jipime mwenyewe, fundo moja tu, pale yanapojaa. Nitajua uko wapi."

"Hamidi atadhani ni uzi."

"Ni uzi," alisema mama yake. Alimshika kifua kwa viganja viwili, kana kwamba anaulainisha mshono, na mshono haukuwa na kasoro yoyote.

* * *

Nyuzi zilikuja tano. Hamidi alizileta kwa ncha za vidole, zimesokotwa ndani ya vipande vya leso, na Mwanabibi alizining'iniza kigingi kimoja, mmoja kando ya mwingine. Kila mmoja uliuzidi wa kabla yake kwa nusu kidole. Famau akirudi kazini husimama nyuma ya mlango, akazikadiria kwa jicho lile alilotumia kwa mbao.

"Anakwenda vizuri," husema, na kwenda kunawa.

Ule wenye kauri Mwanabibi hakuutupa. Aliuviringisha na kuutia sandukuni.

Siku ya tatu ya Ramadhani Hamidi alianza kupiga kelele kabla chombo chake hakijagusa mchanga. Uzazi ukishatimia, wanaume huruhusiwa kuutangaza, nao huutangaza kana kwamba wao ndio waliosukuma. Mwanatumu amejifungua! Mtoto mwanamke! Wote salama! Mwanapili alipiga vigelegele kutoka jikoni kwake, na ukuta mpaka ukuta wengine wakaitikia. Watu walimiminika uani kwa Famau. Famau alisimama katikati yao akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, akisema "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," na kushikana mikono na mtu yuleyule mara mbili.

"Utamwona arobaini," wanawake walimwambia Mwanabibi.

Alitikisa kichwa kukubali. Arobaini ingefika upepo wa kusi ukiwa umepamba moto na bahari imefungwa, na Hamidi alikuwa amekwisha sema kwamba hii ndiyo safari yake ya mwisho. Kesho kutwa angekipandisha chombo pwani. Kungepita miezi mitatu, pengine minne.

Walipotawanyika kwenda kutayarisha futari, Mwanabibi aliingia chumba cha ndani na kifurushi alichopewa na Hamidi. Ndani yake mlikuwa na uzi mmoja. Ulikuwa mfupi. Fundo lilikaa shubiri moja na nusu kutoka kwenye ncha. Aliugeuza mkononi, akidhani umekatika njiani. Kisha akaelewa ni kifua cha nani kilichopimwa.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Kamba zililia kidogo, kwa kuwa hakuna aliyezoea kuzikalia. Aliuzungusha uzi kwenye kifundo cha mkono wake, ukazunguka mara mbili. Aliujaribu kwenye shingo ya mtungi, ukapwaya.

Alisimama, akafungua sanduku. Alizitoa zile kanchiri mbili, ile aliyoifua na ile ambayo hakuifua. Alizilaza moja juu ya nyingine, akaziviringisha, akazungusha uzi. Kifurushi kilikuwa chembamba mno. Aliongeza leso ya zambarau, akapima tena. Kilikuwa kinene. Alikunjua leso, akaikunja upya kwa pande tatu, akaviringisha polepole, akisimama kila mara na kupima, mpaka ncha na fundo zikakutana bila kuvutwa.

"Bi Mwanabibi," Famau aliita kutoka uani. "Wameadhini."

"Naja."

Alikiinua kile kifurushi, akakilaza katika mkono wa kushoto, kichwa kikiwa kwenye kiwiko, mahali alipomlaza Mwanatumu. Kilikuwa chepesi kupita kiasi. Lakini kipimo kilikuwa sawa.